Filamu za makala na maigizo ya ushuhuda: kuna hata moja iliyobadili jambo yenyewe?

#1 KaraniWaJukwaa
Habari za humu wakuu. Nina dai, anayeweza kulivunja alivunje.

Kila tamasha la filamu au maigizo likifunguliwa, lazima asimame mtu aseme kazi yake "imeleta mabadiliko". Mimi nabisha. Nitajieni filamu moja ya makala, au igizo moja lililotungwa kwa maneno halisi ya wahusika, ambalo lenyewe ndilo lililobadili sheria, likamtoa mtu jela au likaibana kampuni hadi ikasalimu amri. Sitaki kusikia "iliibua mjadala". Mjadala hata uzi huu utaibua. Nataka jambo lililokuwa hivi jana, leo likawa vile, na aliyelisukuma awe ni kazi ya sanaa.

Nimekaa pale nawasubiri.

#2 FundiTaa
Mbona rahisi. The Thin Blue Line ya Errol Morris, 1988. Randall Dale Adams alihukumiwa kifo Texas kwa kumuua polisi wa Dallas mwaka 1976. Siku chache kabla ya kuuawa hukumu ikasimamishwa, baadaye ikageuzwa kifungo cha maisha. Morris wala hakwenda kule kwa ajili yake. Alikuwa anamfuatilia daktari wa akili aliyezoea kutoa ushahidi kwenye kesi za hukumu ya kifo, akakutana na Adams gerezani, akaanza kuchimba.

Mwisho wa filamu, shahidi mkuu wa upande wa mashtaka anafika hatua moja tu kabla ya kukiri kwamba muuaji ni yeye. Huoni sura yake. Unaona kinasa sauti kidogo, basi, kwa sababu siku hiyo kamera iligoma. Machi 1989 Adams yuko uraiani. Haya, funga uzi tukalale.

#3 Shahidi_wa_Pili
Nyongeza kwa #2: Adams alipotoka, yeye na Morris walifikishana kwenye sheria kugombea haki ya hadithi ya maisha yake. Walimalizana bila hukumu. Hicho kipande hakisimuliwi kwenye matamasha.

#4 KaraniWaJukwaa
FundiTaa, hiyo naipokea kwa masharti. Morris aliwahi kufanya kazi ya upelelezi binafsi kabla ya filamu hiyo. Alichofanya Texas ni upelelezi uleule, safari hii akiwa na kamera mkononi. Mashahidi walipobadili maneno, waliyabadili mbele ya jaji. Kilichomtoa Adams ni ushahidi mpya. Sinema ilikuwa bahasha tu.

#5 Mpenda_Bisi
Ukitajiwa unahamisha goli. Ndiyo maana nimekuja na bisi.

#6 BintiPazia
Mnaongea filamu tu kama jukwaa halipo. The Exonerated, Jessica Blank na Erik Jensen, 2002. Watu waliowahi kuhukumiwa kifo Marekani kisha ikathibitika hawana hatia, maneno yao wenyewe, mengine kutoka kwenye kumbukumbu za mahakama. Hakuna mapambo. Waigizaji wamekaa kwenye viti, kila mmoja na maandishi yake mbele yake.

Desemba 2002 lilichezwa Chicago mbele ya George Ryan, gavana wa Illinois, na baadhi ya waliowahi kuachiwa walikuwepo ukumbini. Januari 2003 Ryan akafuta hukumu zote za kifo za jimbo lile, watu 167. Karani, hesabu wiki mwenyewe.

#7 Kalamu_Kavu
Dada BintiPazia, hesabu nzuri lakini umeanzia katikati. Ryan alisimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo tangu Januari 2000, miaka karibu mitatu kabla ya hilo igizo. Tangu 1977 Illinois ilikuwa imewaua watu 12 na kuwaachia 13 waliokutwa hawana hatia. Gazeti la Chicago Tribune lilikuwa limechapisha mfululizo mzito kuhusu kesi hizo. Wanafunzi wa uandishi wa habari wa chuo kikuu cha Northwestern walikuwa wamechangia kumtoa mtu mmoja mwaka 1999. Gavana aliingia ukumbini akiwa ameshaiva.

#8 BintiPazia
Kalamu, kuiva na kudondoka ni mambo mawili. Miezi ile familia za waliouawa zilikuwa zinamwomba gavana asifute chochote, na zilikuwa na haki ya kusikilizwa. Alikuwa anavutwa huku na huku. Igizo lilimkalisha muda wote wa onyesho, akisikiliza maneno ya watu ambao serikali ingewaua. Ripoti unaweza kuifunga ukaenda kula. Mtu aliyekaa mbele yako humfungi.

Sisemi igizo lilifanya kazi yote. Nasema lilifanya kazi ambayo gazeti lisingeweza.

#9 MzeeKitiChaNyuma
Vijana, mimi nitawapeleka Uingereza halafu nirudi kulala.

Tarehe 16 Novemba 1966 BBC walionyesha Cathy Come Home, imeongozwa na Ken Loach. Familia inapoteza nyumba hatua kwa hatua, mwisho mama ananyang'anywa watoto. Ni mchezo wa kubuni, lakini umetungwa kutokana na uchunguzi wa kweli na umepigwa picha mtaani kama habari. Waliotazama wanakadiriwa milioni 12. Tarehe 1 Desemba, wiki mbili tu baadaye, likazinduliwa shirika la Shelter la kutetea wasio na makazi. Watu wengi wanasimulia kwamba filamu ndiyo iliyolizaa shirika.

Sasa fikirini. Nani anaanzisha shirika la taifa zima kwa wiki mbili? Waanzilishi walikuwa wamejipanga tangu zamani. Filamu iliwakuta mlangoni wameshavaa viatu. Na sheria ya kuzilazimisha serikali za mitaa kuwahudumia wasio na makazi ilipita 1977. Miaka kumi na moja!

Kwa hiyo Karani ana haki, na BintiPazia naye ana haki. Filamu bila shirika ni machozi ya jioni moja. Shirika bila filamu ni ofisi yenye mafaili.

#10 Mpenda_Bisi
Mzee karibu tena, nilidhani ulishalala tangu uzi wa mwaka juzi 😂

#11 SautiYaChini
#9 ameifungua njia, niongeze kesi ya karibuni kulekule. Wasimamizi wa matawi ya posta Uingereza, zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015 kwa upungufu wa fedha uliotokana na hitilafu za mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Jarida la Computer Weekly liliandika tangu 2009. BBC walitoa kipindi cha uchunguzi 2015. Mahakama ilitoa hukumu nzito 2019. Watu 39 wakafutiwa makosa kwa mpigo Aprili 2021. Nchi ikawa inapiga miayo.

Januari 2024 televisheni ya ITV ya kulekule Uingereza ikaonyesha tamthilia ya kisa hicho, ya sehemu nne, usiku baada ya usiku. Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Miaka kumi na tano ya ukweli mtupu, kisha waigizaji wakamaliza kazi kwa miezi mitano.

#12 Kalamu_Kavu
Nakupinga mara mbili. Kwanza hiyo ni tamthilia, mada ni makala na maigizo ya ushuhuda. Pili, uchunguzi rasmi wa serikali ulikuwa tayari unaendelea, na 2024 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mwanasiasa anayetafuta kura hahitaji kulia ndipo apitishe sheria.

#13 SautiYaChini
Kwanza yako ndiyo hoja yangu. Kwa nini makala zenye ushahidi wote zilishindwa kufanya kilichofanywa na waigizaji? Nadhani makala inakwambia kilichotokea. Tamthilia inakupa mtu mmoja wa kwenda naye. Unamwona anahesabu fedha usiku, hesabu inakataa, anapiga simu ya msaada, anaambiwa ni yeye peke yake mwenye tatizo. Pale "peke yake" ndipo mtazamaji anaposhikwa.

#14 MkonoWaKinasa
Nimekuwa nikishika mikrofoni kwenye filamu za makala kwa muda mrefu. Naomba niwatoe kwenye magavana kidogo.

Tulipiga filamu kuhusu wafanyakazi wa kiwanda fulani, sikitaji. Mama mmoja aliongea vizuri kuliko wote. Alishika kitambaa mkononi muda wote, anakikunja, anakikunjua, na mwongozaji akanionyesha ishara nisogeze mikrofoni ili tupate ile sauti ya kitambaa. Filamu ilisifiwa sana. Mama akaachishwa kazi kabla hata haijafika kwenye tamasha la pili. Kiwandani hakikubadilika kitu. Sisi tukapata kazi nyingine.

Kwa hiyo mnapouliza kama filamu inabadili jambo, jibu langu ni ndiyo. Ilibadili maisha yake.

#15 Shahidi_wa_Pili
#14 ndiyo maana niliandika #3. Asante mkuu.

Na kuna walioliona hilo mapema. The Act of Killing ya 2012, kuhusu mauaji ya Indonesia ya 1965 na 1966, majina mengi mwishoni yameandikwa "Anonymous" tu. Hao ni watu wa nchi ile waliofanya kazi hiyo huku waliohusika na mauaji wakiwa bado na nguvu. Wamekosa hata jina kwenye kazi yao, lakini wamebaki salama.

#16 MwanaVisiwa_wa_Fikra
Nimesoma uzi wote, nadhani mnatazama mahali pasipo. Mnauliza filamu ilimfanya nini mtazamaji. Mimi nauliza ilimfanya nini aliyepigwa picha.

Kisiwa cha Fogo, Kanada, 1967. Serikali ya jimbo ilikuwa na mpango wa kuwahamisha watu wa vijiji vidogo vya wavuvi. Colin Low wa bodi ya taifa ya filamu akaenda na watu wa chuo kikuu cha Memorial, wakapiga filamu fupifupi zaidi ya ishirini. Hakuna sauti ya msimulizi anayejua kila kitu, ni wavuvi wanaongea. Waliopigwa picha walioneshwa kwanza, na mtu akitaka kipande chake kiondolewe kinaondolewa. Kisha filamu zikazungushwa kijiji hadi kijiji. Watu waliokuwa hawaelewani kwa dini na kwa umbali wakaona matatizo yao ni yaleyale. Baadaye zikapelekwa kwa mawaziri, nao wakajibu mbele ya kamera, majibu yakarudishwa kisiwani.

Watu wakaunda ushirika wa uvuvi na ujenzi wa boti. Hawakuhama.

#17 Kalamu_Kavu
Kisiwa kilikuwa na kamati yake ya maendeleo kabla Low hajashuka na kamera. Tunarudi kwa viatu vya Mzee mlangoni.

#18 MwanaVisiwa_wa_Fikra
Kamati ilikuwepo, sijakataa. Kwani kamera imekatazwa kufanya kazi na kamati? Wewe unataka sababu moja iliyo safi kama ya maabara. Haipo popote, hata kwa dawa ya malaria kuna chandarua pembeni.

#19 Mpenda_Bisi
Kalamu hapo umeguswa 😂😂 bisi zimeisha, nakaanga nyingine.

#20 BintiPazia
Nimefurahi #16 kugusa mchakato, maana jukwaani aliyelichukua hilo hadi mwisho ni Augusto Boal wa Brazil. Mwenyewe amesimulia kisa cha Peru, 1973. Igizo lilikuwa la mwanamke aliyedanganywa na mumewe. Hadhira inaulizwa afanye nini, waigizaji wanaigiza ushauri wao. Mama mmoja mnene akasema: azungumze naye kwa uwazi, halafu amsamehe. Wakaigiza. Akasema siyo hivyo. Wakarudia. Akazidi kukasirika. Boal akamwambia, basi panda wewe utuonyeshe. Mama akapanda, akachukua ufagio, akampa yule mwigizaji kichapo cha kweli, kisha akamsamehe na kumtuma akamletee chakula.

Toka hapo mtazamaji akaruhusiwa kupanda na kuchukua nafasi ya mhusika. Boal alipokuwa diwani Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, alichukua mapendekezo yaliyotoka kwenye maonyesho hayo na kuyapeleka baraza la jiji. Sheria 13 zikapita. Karani, kumi na tatu. Unahamishia wapi goli safari hii?

#21 KaraniWaJukwaa
Nahamishia hapa: alikuwa diwani! Mpe mtu yeyote kiti cha baraza uone kama hapitishi sheria, awe na igizo au asiwe nalo.

#22 BintiPazia
Madiwani wangapi unawajua waliopitisha 13?

#23 Mpenda_Bisi
💀

#24 Mwalimu_wa_Zamu
Naingia hapo kwa Boal kwa kuwa nimefanya maigizo hayo na wanafunzi. Tuliigiza kuhusu adhabu ya viboko. Mtoto mmoja mkimya kuliko wote akapanda kuchukua nafasi ya mwanafunzi anayechapwa. Nilitegemea atakimbia au atalia. Akakaa chini, akamuuliza "mwalimu" wa igizo: "Jana ulinichapa kwa sababu gani?" Mwigizaji akakosa jibu, akarudi kwenye mistari yake, mtoto akauliza tena. Walimu waliokuwa wamekaa nyuma wakaanza kutazama simu zao.

Viboko viliendelea. Lakini yule mtoto alianza kuuliza maswali hata darasani, na kuna mwalimu mwenzangu hakulipenda hilo hata kidogo.

Tanzania miaka ya 1980 kina Penina Mlama na Amandina Lihamba walifanya kazi ya namna hii vijijini, wanakijiji wenyewe wakichagua tatizo la kuigiza. Na kijijini Kamiriithu, Kenya, 1977, wakulima na wafanyakazi walichangia hadi maneno ya igizo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa watunzi wake, akawekwa kizuizini bila kesi, 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Karani anasema sanaa haina nguvu. Mbona wenye nguvu hawaamini hivyo?

#25 FundiTaa
#24 umemaliza.

#26 Kalamu_Kavu
Hajamaliza. Serikali hubomoa hata vibanda vya watu ambavyo havina hatari yoyote. Kuogopwa siyo kipimo cha kuleta mabadiliko.

#27 Hesabu_Baridi
Wote mnazunguka fedha. Blackfish, 2013, kuhusu nyangumi wauaji wanaofugwa na SeaWorld na mkufunzi aliyeuawa 2010. Kampuni ilijitetea kwa nguvu zote. Agosti 2014 ikatangaza matokeo mabaya, hisa zake zikaanguka karibu theluthi moja kwa siku moja. Machi 2016 ikatangaza kuacha kuzalisha nyangumi hao. Hakuna aliyepanda jukwaani, hakuna diwani. Mteja aliacha kununua tiketi, ikaisha.

Filamu inabadili jambo pale mtazamaji ndiye anayelipa. Kama mtazamaji halipi kodi kule wala hanunui bidhaa ile, atalia tu.

#28 SautiYaChini
Basi KONY 2012 ielezee, ile filamu ya kutaka Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, akamatwe. Dakika 30, kutazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku sita, watu wakachangia fedha, Marekani ikatuma wanajeshi wa kushauri, na Kony hakukamatwa.

#29 Kalamu_Kavu
Rekebisha. Marekani ilituma washauri wapatao 100 Oktoba 2011. Filamu ilitoka Machi 2012. Na kundi la Kony lilikuwa limeshaondoka kaskazini mwa Uganda tangu 2006 hivi. Ilipoonyeshwa Lira, mji wa hukohuko kaskazini, watu waliopitia vita ile wenyewe walikasirika hadi maonyesho yakasitishwa.

#30 SautiYaChini
Kalamu wewe una kalenda kichwani au?

#31 MzeeKitiChaNyuma
Nimeamka. Hapo Lira pana somo zito kuliko SeaWorld. Filamu ilikuwa inawahusu wao, ila haikutengenezwa ili wao waitazame. Hiyo ndiyo tofauti na Fogo ya #16. Mtengenezaji aulizwe kwanza: filamu yako utaithubutu kuionyesha mbele ya waliomo?

Darwin's Nightmare ya 2004 mnaikumbuka, ya sangara wa Ziwa Victoria na ndege za mizigo. Ulaya ilisifiwa, ikateuliwa kuwania Oscar. Tanzania, Rais Kikwete akailaani hadharani 2006. Ndege zinazobeba samaki kwenda, na swali la zinakuja na nini, silaha au la, likaachwa linaning'inia. Silaha zenyewe hazionekani kwenye picha. Wengine wanasema ndio ufundi, kumwachia mtazamaji swali. Mimi naona ukituhumu, weka mezani.

#32 FundiTaa
Mzee hapo tutagombana. Kwa kipimo hicho hakuna filamu ya makala itakayotoka, maana wanaoficha silaha hawakaribishi kamera.

#33 Shahidi_wa_Pili
Kuna kipimo kingine hamjakigusa: mabadiliko yanadumu? Kundi la maigizo la Tectonic la Moisés Kaufman lilikwenda Laramie, Wyoming, baada ya Matthew Shepard, mwanafunzi aliyekuwa akipenda watu wa jinsia yake, kuuawa 1998. Mahojiano zaidi ya 200. Igizo likatoka 2000, likachezwa kila mahali. Miaka kumi baada ya mauaji wakarudi mjini pale. Wakakuta baadhi ya wenyeji wameshajijengea hadithi nyingine, kwamba ulikuwa wizi na dawa za kulevya tu, chuki haikuwepo. Sheria ya shirikisho dhidi ya uhalifu wa chuki ilipita Oktoba 2009, jimbo lenyewe halikutunga ya kwake. Yaani igizo lilizunguka dunia, nyumbani likapauka.

#34 Mgeni_Mgeni
Samahani kuwakatiza wakuu, nafuatilia tangu mwanzo kimyakimya. Tunaandaa igizo la ushuhuda kuhusu wanawake waliodhulumiwa mirathi. Tumesharekodi baadhi. Swali: tuwalipe wanaotoa ushuhuda au la? Kuna anayesema tukilipa ushuhuda utaonekana umenunuliwa.

#35 MkonoWaKinasa
Lipeni. Mwigizaji analipwa, fundi taa analipwa, ukumbi unalipwa, mwenye hadithi ndiye apewe soda? Lipeni muda wake na nauli, kiasi kilekile kwa kila mtu, kabla hajafungua mdomo, ili asione anatakiwa kuongeza chumvi. Na apewe rekodi aisikilize kabla hamjaipeleka kwa waigizaji. Majina ya mahali na ya ndugu, badilisheni. Aliyedhulumiwa mirathi, aliyemdhulumu mara nyingi anaishi nyumba ya pili.

#36 Kalamu_Kavu
Napinga kulipa. Siku ndugu zake wakienda mahakamani, swali la kwanza la wakili wao litakuwa "ulipewa shilingi ngapi?" Gharamieni nauli na chakula, mweke risiti, basi.

#37 BintiPazia
Mgeni, hao wawili hawatakubaliana leo wala kesho. Mimi nakuuliza lingine: siku ya onyesho la kwanza, hao wanawake watakaa wapi? Na wale ndugu wakija?

#38 Mgeni_Mgeni
Mmoja wao amesema anataka kuigiza mwenyewe nafasi ya shemeji yake. Hilo hatujaliamua.

#39 Mpenda_Bisi
Mwekeeni ufagio karibu.